Kiungulia Kisichoisha: Usikitulize tu, Kafanyiwe Uchunguzi

Wakazi wengi wakihisi moto kifuani baada ya kula hununua tembe za kutuliza asidi dukani na kuendelea na shughuli zao. Kwa kiungulia cha mara moja moja, hilo halina neno. Lakini kiungulia kinachorudi mara mbili au zaidi kwa wiki, wiki baada ya wiki, kinaweza kuashiria kwamba umio umevimba na kuchubuka. Tembe za dukani hupunguza maumivu kwa saa chache tu. Haziponyi michubuko hiyo.

Umio ni mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwishoni mwake kuna msuli unaofunguka chakula kinapopita, kisha hujifunga. Msuli huo ukilegea, asidi ya tumbo hupanda juu. Tumbo lina utando wa kulikinga dhidi ya asidi, lakini kinga ya umio ni dhaifu. Uzito wa kupita kiasi, ujauzito, sigara, pombe na kushiba sana usiku huzidisha tatizo.

Si kila maumivu ni vidonda vya tumbo

Vidonda vya tumbo kwa kawaida huuma sehemu ya juu ya tumbo. Asidi inayopanda huchoma nyuma ya mfupa wa kifua, huzidi mtu akiinama au akilala, na huacha ladha chachu mdomoni. Wengine hupata kikohozi cha usiku au sauti kukwaruza. Kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo peke yake hakuonyeshi hali ya umio.

Uchunguzi na matibabu

Mgonjwa asiye na dalili za hatari huanzishiwa dawa inayopunguza utengenezaji wa asidi, kama omeprazole, kwa wiki 4 hadi 8. Humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kiamshakinywa. Wengi hupata nafuu mapema na kuacha dawa kabla ya muda, ilhali umio haujapona.

Dalili zisipoisha, mgonjwa hupewa rufaa kwa hospitali yenye kifaa cha endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Mgonjwa hukaa bila kula kwa angalau saa 6 kabla ya kipimo, ambacho huchukua dakika chache. Daktari huona ukubwa wa michubuko, na akihitaji huchukua kipande kidogo cha nyama kipimwe maabara.

Nyumbani

• Kula chakula cha jioni saa 3 kabla ya kulala.
• Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kuongeza mito pekee hakutoshi.
• Punguza uzito ikiwa umezidi, na uache sigara.
• Epuka vyakula vinavyokusumbua wewe, viwe pilipili, vya mafuta mengi, kahawa au soda.
• Meza tembe zozote kwa glasi nzima ya maji na usilale papo hapo. Baadhi ya dawa za maumivu na viuavijasumu huunguza umio zikikwama.
• Usitumie magadi kama dawa ya kila siku, hasa ukiwa na shinikizo la damu, kwani yana sodiamu nyingi.

Usingoje

Fika hospitalini bila kuchelewa iwapo chakula kinakwama au kinauma ukimeza, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi, na chakula kukwama ni dalili yake kuu. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, wakidhani ni kiungulia cha kawaida. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, yanaweza kuwa ya moyo na ni dharura.

Kwa dalili nyingine, anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mhudumu tatizo limedumu kwa muda gani, na ubebe dawa zote unazotumia, zikiwemo ulizonunua dukani. Ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) wanaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147#.