Fahamu: Kwa nini seva inaukataa ufunguo wako wa SSH

Umetengeneza jozi ya funguo kwenye kompyuta ya Windows, ule wa hadharani ukauweka kwenye seva ya Linux, lakini kila ukiingia bado unaombwa nenosiri. Mara nyingi ufunguo wenyewe hauna kosa.

Anza na ruhusa za faili. OpenSSH, programu ya SSH iliyo kwenye seva, hailiamini faili la authorized_keys (linalohifadhi funguo za hadharani) ikiwa mtu mwingine anaweza kuandika ndani yake, na hata folda yako ya nyumbani hukaguliwa. Weka chmod 700 kwa folda ya .ssh na chmod 600 kwa faili lenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana seva haikwambii sababu. Inakuomba nenosiri tu.

Kisha tazama umbo la ufunguo. PuTTYgen, programu ya kutengeneza funguo kwenye Windows, ikihifadhi ufunguo wa hadharani huukata katika mistari kadhaa, ilhali OpenSSH inataka mstari mmoja, unaoanza na ssh-ed25519 au ssh-rsa. Nakili ule ulio kwenye kisanduku cha juu cha dirisha la PuTTYgen.

Seva ikiwa ni Windows, funguo za wasimamizi husomwa kwenye C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys, si kwenye folda zao.

Na mitambo mikongwe? Tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021, OpenSSH imezima saini za RSA zinazotegemea SHA-1, hivyo mtambo mkongwe unaozijua hizo tu hukataliwa. Sasisha mtambo wa zamani, usilegeze mpya.

Bado imegoma? Endesha ssh -v, kisha soma kumbukumbu za seva. Ufunguo wa siri usimpe mtu yeyote, hata fundi anayekusaidia.