Kaliba Nyingi, Bunduki Chache

Wawindaji wa Marekani na Ulaya wanaopenda bunduki za nusu otomatiki wana malalamiko yale yale kwa miaka mingi: kaliba ni chache, na nafasi ya kuirekebisha bunduki ilingane na mtumiaji wake ni finyu. Bunduki ya nusu otomatiki ni ile ambayo, baada ya kila mlio, hutoa ganda tupu na kujipakia risasi nyingine yenyewe, ingawa kidole hulazimika kuvuta kifyatulio upya ili risasi hiyo itoke. Haimimini risasi mfululizo kwa mvuto mmoja kama zifanyavyo baadhi ya silaha za kijeshi. Kaliba nayo ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, lakini katika mazungumzo ya wawindaji jina la kaliba hubeba risasi nzima pamoja na ganda lake, ndiyo maana .308 Winchester na .30-06 Springfield huhesabiwa kuwa mbili ilhali vichwa vya risasi zake vina upana ule ule wa inchi 0.308. Tofauti iko kwenye ganda, ambalo kwa ya kwanza lina urefu wa milimita 51 na kwa ya pili 63.

Mnunuzi wa bunduki ya bolti, ambayo kila risasi huingizwa chemba kwa mkono, hupata kaliba za kila aina, kuanzia zile ndogo za sungura hadi zile za nyati. Mwenzake anayetaka nusu otomatiki ya kuwindia huonyeshwa .308, .30-06, .300 Winchester Magnum na nyingine chache, kisha orodha huisha. Wala hali hii si ya jana. Mwaka 1906 kampuni ya Remington ilipoanza kuuza bunduki iliyobuniwa na John Browning, ile iliyokuja kuitwa Model 8, iliilazimu kuitengenezea risasi zake maalumu, na mnunuzi akapewa kaliba nne tu. Browning BAR ya uwindaji, iliyoingia sokoni mwaka 1967 na kuunganishwa nchini Ubelgiji, ilipanua uwanja kwa kukubali hata risasi za magnum, yaani zile zenye baruti nyingi kuliko kawaida, jambo ambalo wengi walidhani mtambo wa kujipakia usingelistahimili.

Sababu kubwa ya uhaba huo imo ndani ya mtambo wenyewe. Katika bunduki nyingi za aina hii, risasi inapokimbia ndani ya mtutu, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hupenya katika kitundu kilichotobolewa ubavuni mwa mtutu, ikasukuma pistoni, nayo pistoni ikairudisha bolti nyuma. Bolti hulichomoa ganda na kulitupa nje, kisha springi huirejesha mbele ikiwa imeikokota risasi mpya kutoka kwenye magazini. Kitundu hicho kikiwa kidogo mno, bolti hairudi hadi mwisho na ganda hukwama. Kikiwa kikubwa mno, bolti hugonga kwa nguvu na vyuma huchakaa kabla ya wakati. Kwa kuwa kila kaliba ina baruti inayoungua kwa kasi yake na shinikizo lake, fundi anayeongeza kaliba kwenye bunduki ya bolti hubadilisha mtutu, uso wa bolti na pengine magazini, ilhali yule wa nusu otomatiki hulazimika pia kupima upya kitundu, springi na uzito wa vyuma vinavyotembea. Gharama hiyo hairudi ikiwa wanunuzi ni wachache.

Mlango uliofunguka ulitoka upande ambao wawindaji wa jadi hawakuupenda. Bunduki za mtindo wa AR-15, zilizotokana na kazi ya Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite, zina mwili wa vipande viwili vinavyoshikana kwa pini mbili, na sheria ya Marekani huhesabu kipande cha chini pekee kuwa silaha. Mwenye bunduki huweza kununua kipande cha juu chenye mtutu wa kaliba nyingine na kukibadilisha mezani kwake. Mpaka wake ni urefu wa magazini, unaokataa risasi inayozidi takribani milimita 57, kwa hiyo .30-06 yenye milimita 85 haiwezi kuingia. Ndani ya mpaka huo zilibuniwa .300 Blackout, 6.5 Grendel na .450 Bushmaster, na mwaka 2019 ikaja .350 Legend ya Winchester, ambayo ganda lake halina shingo. Umbo hilo lilifuata sheria: majimbo kama Ohio, na Michigan katika eneo lake la kusini, ambako watu wamekaa karibu karibu, yaliruhusu uwindaji wa kulungu kwa risasi za ganda lililonyooka kwa kuwa kwa kawaida haziruki mbali kama zile zenye shingo.

Kwingineko sheria ilikata madai hayo mapema. Baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, Uingereza ilipiga marufuku karibu bunduki zote za nusu otomatiki isipokuwa zile ndogo za .22, Australia ilizibana mwaka 1996 na New Zealand mwaka 2019, nazo zikiwa zimetoka kuzika watu waliouawa kwa silaha za namna hiyo. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1992 kuhusu makazi ya viumbe, ulikataza uwindaji wa wanyama linaowahusu kwa nusu otomatiki yenye magazini ya zaidi ya risasi mbili, na Pennsylvania, iliyozikataa kwa miaka mingi, ilizikubali mwaka 2017 kwa wanyama wadogo na wa manyoya, kulungu wakiachwa nje. Kiwanda kinachouza pande zote hizo hakina hamu ya kutunga kaliba mpya kwa soko lililokatwa vipande.

Dai la marekebisho lina uzito kuliko lile la kaliba, kwani kulungu aliyepigwa mahali pake kwa .308 hafi zaidi akipigwa kwa kaliba yenye jina jipya, ilhali kitako kirefu kuliko mkono wa mwindaji humharibia shabaha kila siku. Viwanda kadhaa sasa hutoa vibanzi vyembamba vya kuinua au kuegemeza kitako, lakini wanaotumia mkono wa kushoto bado wana uchache wa bidhaa, kwa kuwa bunduki ya kawaida hutupa ganda upande wa kulia, mbele ya macho yao, na kuigeuza ni sawa na kuunda mwili mwingine mzima. Nchini Ujerumani baadhi yao, pamoja na wenzao wanaotaka mitutu ya kubadilisha, wamehamia bunduki kama Blaser R8 ya mwaka 2008, inayouzwa pia kwa mkono wa kushoto na yenye mitutu ya kaliba nyingi, ambayo bolti yake huvutwa nyuma moja kwa moja kwa mkono. Si ya kujipakia, na hivyo kikomo cha risasi mbili hakiihusu.