Baiskeli na Mgongo wa Mwalimu

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa muda wa mwaka mzima, wenzangu katika chumba cha walimu walikuwa wakinisifia baiskeli yangu ya milimani, ya chuma, yenye magurudumu manene, niliyoinunua ikiwa mtumba kutoka ng'ambo. Hawakujua kwamba kila nilipofika shuleni, baada ya mwendo wa kilomita 9, kidole changu cha pete na kile cha mwisho vilikuwa vimekufa ganzi, na chaki ikinidondoka mbele ya darasa. Mwanzoni wanafunzi walicheka. Baadaye wakaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Nilidhani ni uzee. Nikajipaka dawa za kuchua, nikabadilisha viatu, hatimaye nikaazimia kuiuza. Siku niliyoipeleka kwa fundi aliye kando ya njia ya Kanduyi ili aisafishe kabla ya mnunuzi kuja, mzee huyo aliniambia, "Mwalimu, hebu panda nikuone." Alilishika gurudumu la nyuma, akanitazama kwa ubavuni, akatikisa kichwa.

"Baiskeli hii si yako."

"Ni yangu, mzee. Niliinunua kwa pesa zangu."

"Pesa ni zako. Urefu ni wa mtu mwingine."

Ama kwa hakika alisema kweli. Baiskeli za aina hii zilizaliwa katika miaka ya 1970 kwenye milima ya Marin, kule California, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza kwa wingi ile iitwayo Stumpjumper. Mashindano yakashamiri, hata yakaingizwa katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Si ajabu basi kwamba nyingi za miaka hiyo ziliundwa kwa mwili wa mshindani: fremu ndefu, usukani ulio mbali na wa chini, mgongo ukiinama. Mshindani huinama ili aukate upepo na kulikandamiza gurudumu la mbele apandapo kilima. Lakini mwalimu mwenye mkoba wa madaftari anashindana na nani? Uzito wake huangukia viganjani, na mshipa wa fahamu upitao upande wa kidole cha mwisho hubanwa hadi ganzi iingie.

Fundi alianza na kiti, wala si usukani. Nilikuwa nimekishusha nikidhani kwamba uchini ndio starehe. Akaniamuru niweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa; mguu ulipaswa kunyooka. Ulikuwa umekunjika, naye akakipandisha kiti kwa upana wa vidole vitatu, akichunga alama iliyochorwa kwenye bomba lake isitokeze nje. Kadhalika pua ya kiti ilikuwa imeinama, nami nilikuwa nikiteleza mbele siku zote na kujizuia kwa mikono. Akaisawazisha. Nilipomwomba akisogeze kiti mbele ili niufikie usukani, alikataa katakata: kufanya hivyo kungeuongeza mzigo wa mikono.

Kisha akaigeukia shingo ya usukani. Katika baiskeli za zamani, shingo hiyo huzama ndani ya bomba la uma na kushikwa na kabari. Alilegeza bolti ya juu mizunguko michache bila kuitoa, akaweka kipande cha ubao juu yake, akagonga kwa nyundo. Kabari ikaachia. Akaipandisha shingo, akiiacha sentimita zisizopungua 7 ndani, maana ikitoka ukiwa kwenye mteremko, msomaji, hutapata nafasi ya kujuta. Hapo breki ya mbele ikajifunga yenyewe! Waya wake ulipitia kwenye shingo ile, na sasa ulikuwa mfupi. Tukanunua waya mpya na mfuko wake. Aidha tukaibadilisha shingo yenyewe, kutoka ya sentimita 12 hadi ya 8. Mwisho alilibana gurudumu la mbele kwa magoti na kuusokota usukani kwa nguvu, uone kama utalegea. Haukulegea. (Baiskeli za baadaye zina shingo iliyofungwa kwa nje ya bomba, nayo haipandishwi hivi; huna budi kuigeuza au kununua nyingine.)

Ganzi ilipungua katika juma la kwanza, na baada ya mwezi mmoja ikatoweka. Lililonibakia ni hasira. Mwaka mzima nilikuwa nikiulaumu mwili wangu kwa kosa la chuma! Tangu hapo nimeanza kuyatazama madawati yetu kwa jicho jingine: kimo kimoja kwa mtoto mfupi na mrefu, kisha tunawakaripia kwa kuketi vibaya.

Mmoja wa wanafunzi wangu huja na baiskeli ya kaka yake, mabega yamemkauka kabla ya somo la kwanza. Ijumaa iliyopita, saa ya michezo, tulichukua spana. Usukani ulipanda bila taabu. Bomba la kiti limeshikwa na kutu, halitoki. Tumelitia mafuta, na Ijumaa ijayo tutajaribu tena.