Majani Yapendayo Kivuli



Kila tukizunguka mashambani tunaona jambo moja. Mikarafuu imepaliliwa, majamvi yamekunjwa yakawekwa mahali pake, lakini uwanja wa nyumba, khasa chini ya mwembe au mfenesi, ni udongo mtupu. Unafagiliwa asubuhi na jioni, na kila ufagio huondoka na udongo kidogo. Ikija masika, maji ya kilimani huchukua uliobaki. Mizizi ya mwembe imetoka nje, na msingi wa nyumba nao unaanza kuonekana.

Wengi wamejaribu kupanda ukoka mwembamba, ule wa viwanja vya mpira. Huo hutaka jua. Kivulini hugeuka manjano ukafa. Nasi ofisini tulifanya kosa hilo hilo, tukapoteza masika mazima.

Kumbe dawa tunayo wenyewe. Yapo majani ya asili ya pwani yetu, yatambaayo chini, yenye jani pana la ncha butu na suke nene. Huota minazini na karibu na fukwe, wala hayachukii chumvi. Wataalamu wa mimea huyaita Stenotaphrum dimidiatum, lakini kwa Kiingereza huitwa pia kwa jina la kisiwa chetu: Majani ya Pemba. Wageni wanayajua kwa jina letu, na sisi tunayakanyaga njiani tukipita!

Kupanda kwake si kazi kubwa. Ngoja masika yaanze. Kwanza punguza matawi ya chini ya mwembe, kwani hata majani haya hayaoti penye giza tupu. Tifua udongo, utie samadi iliyooza. Kata vipande vyenye vifundo vitatu, uzike viwili na kimoja ukiache nje, shibiri moja baina ya kipande na kipande. Mvua ikikatika, mwagia maji jioni. Watoto wasipakanyage mpaka yashike. Yakishaenea, usiyakate mpaka chini. Bakisha kama inchi 3, maana jani la kivulini linahitaji upana wake ili lipate mwangaza. Majani makavu ya mwembe yaondoe, yasiyafunike.

Tena tunaonya: msiyapande chini ya mikarafuu. Huko tunataka pasafi ili karafuu zilizoanguka ziokoteke, na miche michanga isigombanie maji.

Mzee mmoja mwanachama alituambia, "Uwanja wenye majani ni uwanja wa mvivu, tena huficha nyoka." Hatukumbishia, kwani majani yaliyoachwa yakawa marefu huficha nyoka kweli. Tulimwomba tu aje ofisini siku ya mvua. Akasimama barazani akatazama. Maji yaliyopita juu ya majani yetu yaliyokatwa vizuri yalitoka safi; yaliyotoka upande uliofagiliwa yalikuwa mekundu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ule wekundu ndio uwanja wangu unaokwenda baharini." Aliondoka na pakacha la vipando.

Waarabu walikiita kisiwa hiki Jaziratul-Khadhraa, yaani kisiwa cha kijani. Basi ukijani usiishie mashambani, na nyumbani kukabaki kwekundu. Atakaye vipando na aje ofisini masika yakianza, achukue pakacha lake mwenyewe.

Katibu wenu.