Sindano za misuli zinavyoweza kukukosesha mtoto

Kijana aliyejaa kifua na mikono anapoambiwa na daktari kuwa manii yake hayana hata mbegu moja, huwa vigumu kuamini. Nguvu za kiume anazo, hamu anayo, na manii yanatoka kama kawaida. Akidodoswa vizuri, huenda akakiri kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akijichoma testosteroni ili kutunisha misuli.

Testosteroni ndiyo homoni kuu ya kiume. Inawezaje basi kumnyima mwanamume uzazi?

Korodani zina kazi mbili. Ndani yake kumejaa vijirija vyembamba vilivyojikunjakunja, na humo ndimo mbegu zinamotengenezwa, zikilelewa na seli ziitwazo Sertoli. Kati ya kijirija na kijirija kuna seli za Leydig, ambazo hutengeneza testosteroni. Korodani huning'inia nje ya kiwiliwili kwa sababu mbegu hustawi kwenye joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi.

Amri hutoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH kwa vipindi, takriban kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili. GnRH huiamsha tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, nayo humwaga homoni mbili kwenye damu. Ya kwanza, LH, huziamuru seli za Leydig zitengeneze testosteroni. Ya pili, FSH, huzihimiza seli za Sertoli zilee mbegu.

Testosteroni ikitosha kwenye damu, ubongo hupunguza amri, kama boya linavyofunga maji tangi likijaa. Ubongo hauulizi homoni hiyo imetoka kwenye korodani au kwenye bomba la sindano. Ukiona imezidi, hunyamaza, na LH na FSH hushuka hadi karibu na sifuri.

Hapo korodani huacha kutengeneza testosteroni yake. Kwa kawaida, kiwango cha homoni hiyo ndani ya korodani huwa makumi ya mara zaidi ya kile cha kwenye damu, na bila wingi huo mbegu hazikomai. Sindano huijaza damu na kunenepesha misuli, lakini haiwezi kuzifikisha korodani kwenye kiwango hicho. Matokeo yake, mbegu hupungua au kwisha, na korodani husinyaa. Manii huendelea kutoka kwa sababu karibu yote ni majimaji ya tezi dume na ya vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwahi kuijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume wenye afya njema walichomwa miligramu 200 kila wiki, na wengi wao hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi sita.

Habari njema ni kwamba wengi wanaoacha sindano hupata tena mbegu. Lakini subira inahitajika: kutengeneza mbegu huchukua siku 70 hivi, kisha hukomaa kwa siku kadhaa katika epididimisi, mrija wenye urefu wa takriban mita 6 uliojikunja nyuma ya korodani. Baadhi hurejea katika hali yao ndani ya mwaka mmoja, wengine hufika miaka miwili.

Kwa hiyo, ikiwa mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, asipelekwe mke peke yake hospitali. Nendeni wote wawili, na wewe mwanamume umweleze daktari kila ulichojichoma, bila kuficha. Na kama bado unatarajia kuwa baba, usikubali kuchomwa testosteroni bila kupimwa na kushauriwa na daktari.