Kuifufua Honda ya Baba Mkubwa
Honda CG125 ya marehemu baba mkubwa ilisahaulika bandani, Moshi, hadi kuku wakaigeuza kiota. Kabla ya kupiga kiki nilitoa plagi, nikadondoshea oili ndani ya silinda. Kiki ikishuka, injini haijakwama. Isipowaka, tatizo huwa kabureta: petroli iliyolala huacha gundi inayoziba jeti. Ifungue, ioshe, ipulizie. Usichokonoe kwa waya, utapanua tundu. Tangi lenye kutu litie kokoto na mafuta ya taa, ulitikise mpaka mikono iume. Spea hazisumbui, maana injini hii ya 1976 imeigwa sana na viwanda vya China, na vifaa vingi vya bodaboda huingia. Pesa ya kwanza inunue breki na matairi, rangi isubiri.