Namna ya Kutengeneza Shanta za Zamani za Askari, Zile za Ngozi yenye Manyoya

Ninyi mnaokaa vijijini karibu na machimbo, mnajua ngozi. Mnajua ngozi ya mbuzi inayofunika ngoma, na ngozi ya ng'ombe inayokaliwa na wazee. Mnajua pia kwamba ngozi isiyotunzwa huliwa na vidudu, tena hupasuka. Leo tutaeleza habari za ngozi ya namna moja iliyofanya kazi kubwa huko Ulaya, na jinsi watu wanavyoiponya ikiwa imezeeka. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mtu mwenye bidii bila maarifa huharibu kitu kwa siku moja, kitu kilichodumu miaka mia.

SHANTA HIZO NI NINI?

Shanta ni mfuko ambao askari huubeba mgongoni. Zamani askari wa Ulaya walibeba shanta za ngozi ya ng'ombe au ndama, na manyoya yake hayakuondolewa, bali yaliachwa upande wa nje. Sababu gani? Manyoya yalilala kuelekea chini, na mvua ilipopiga, maji yaliteleza juu yake kama juu ya mgongo wa mnyama mwenyewe, na vitu vya ndani vilikaa vikavu.

Askari wa Ufaransa wa wakati wa Napoleon walibeba shanta kama hizo, wakaiita shanta yao Azor, jina la mbwa, kwa sababu ya manyoya yake. Wadachi waliita yao Affe, maana yake nyani. Shanta ya Wadachi ya mwaka 1934 na ile ya 1939 zilikuwa za turubai, lakini kifuniko chake kilikuwa cha ngozi yenye manyoya. Ile ya 1934 ilikuwa na mikanda yake ya mabega; ile ya 1939 ilikuwa na kulabu za kuifunga katika mikanda ambayo askari alikuwa ameivaa tayari. Vita vilipoendelea ngozi ilikuwa haba, na nyingine zikatengenezwa bila manyoya. Askari wa Uswisi waliendelea kubeba shanta za manyoya hata baada ya vita vya 1939-1945.

Leo shanta hizo zimo katika nyumba za makumbusho na katika nyumba za watu waliozirithi. Nyingi zina mhuri wa mwaka na wa fundi, na nyingine jina la askari limeandikwa ndani kwa wino. Ukilifuta jina hilo, umemfuta mtu.

ADUI ZA NGOZI

Adui wa kwanza ni vidudu. Nondo hutaga mayai katika manyoya, na mabuu yake hula. Tena kuna vidudu vidogo vya ngozi, ambao mabuu yao yana nywele nywele. Hao hula manyoya na ngozi pia. Ukiona manyoya yakidondoka mahali pamoja, na maganda madogo ya kahawia chini, jua wamo.

Adui wa pili ni maji. Ngozi yenye manyoya mara nyingi ilitengenezwa kwa shabu (si shaba), yaani chumvi ile nyeupe ya dukani. Shabu haishiki sana ndani ya ngozi. Ukiiloweka, maji huitoa, na ngozi hurudi kuwa mbichi: itaoza, au itakauka iwe ngumu kama ubao.

Adui wa tatu ni moto na jua. Ngozi ya mikanda ilitengenezwa kwa maganda ya miti, kama mwaloni. Ikiwa mpya huvumilia joto la maji ya digrii 70 na zaidi. Ikiwa imezeeka, hata maji ya vuguvugu yaweza kuikunja, na haikunjuki tena.

Adui wa nne ninyi mnamjua kuliko watu wengine: ni moshi wenye kiberiti. Mawe mengi ya shaba yana kiberiti ndani yake, na yakichomwa, hewa kali hutoka, inayokohoza watu na kukausha majani. Makaa ya mawe na gesi ya taa za zamani vilitoa hewa ile ile katika miji ya Ulaya. Katika ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti hewa hiyo hugeuka kuwa asidi, na ngozi husagika ikawa unga mwekundu. Katika mwaka 1843 Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwamba ngozi za vitabu huko London zilikuwa zikiharibiwa na kiberiti cha taa za gesi. Basi anayekaa upande unaokopeleka upepo wa kiwanda, na afunge ngozi zake vizuri.

KABLA YA KUANZA: JILINDE

Zamani watu walitia aseniki katika ngozi ili vidudu wafe. Aseniki ni sumu, nayo haiishi nguvu kwa miaka. Baada ya 1939 walitia pia DDT. Tena ngozi isiyotengenezwa vema yaweza kuficha ugonjwa wa kimeta kwa miaka mingi. Kwa hiyo: vaa mifuko ya mikono, funika pua na mdomo, fanya kazi nje ambapo upepo unapita, weka watoto mbali, usile wala usivute tumbako, na ukimaliza nawa kwa sabuni. Ukiona unga mweupe usioujua kati ya manyoya, acha. Funga shanta katika plastiki na utafute mwenye maarifa.

KAZI YENYEWE

1. Ua vidudu. Funga shanta katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke katika sanduku la kugandisha, baridi ya digrii 20 chini ya sufuri, kwa majuma mawili. Ikitoka, usiifungue mpaka siku nzima ipite, ili umande usiingie katika ngozi. Pasipo sanduku la kugandisha, ipige burashi nje, uifunge katika plastiki peke yake, mbali na ngozi nyingine, na uirudie kila juma mpaka usione maganda mapya.

2. Ondoa mavumbi. Tumia burashi laini, fuata njia ya manyoya, kutoka juu kwenda chini. Usiende kinyume, maana shina la unywele mzee limelegea na halitaota tena.

3. Pima mikanda. Sugua kidogo kwa kidole. Kidole kikiwa chekundu, usiguse ngozi hiyo kwa maji wala mafuta, itakuwa nyeusi na ngumu. Wataalamu huipaka dawa iitwayo hidroksipropili selulosi, gramu 2 katika mililita 100 za alkoli safi. Hupakwa kwa burashi laini, ikauke, ikarudiwa, nayo hushika unga usianguke. Kumbuka, alkoli hushika moto upesi.

4. Tazama vyuma. Ribiti nyingi ni za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kama zinki ya Kipushi. Kandokando yake utaona kitu cha kijani kama nta. Ni shaba iliyoliwa na mafuta ya ngozi. Kikwangue kwa kijiti, si kwa kisu, kisha pangusa kwa kitambaa chenye alkoli kidogo. Usisugue kwa ndimu na majivu kama mnavyosugua sufuria: ndimu ni asidi, itaila ngozi iliyo jirani. Bizimu za chuma zenye kutu zipigwe burashi kavu, kisha zipakwe nta kidogo sana.

5. Shona. Tumia uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, na sindano mbili, moja kila upande, zikipishana katika tundu moja. Pita katika matundu ya zamani. Usitoboe mapya kwa msharasi, kwa maana kila tundu jipya ni mwanzo wa kupasuka.

6. Ziba mapasuko. Weka kitambaa chembamba cha kitani upande wa ndani, ukikishike kwa gundi nzito ya wanga wa ngano. Usitumie gundi ya viatu, haitoki tena. Kazi njema ni ile ambayo fundi wa kesho anaweza kuifungua bila kudhuru. Panapokosa manyoya, waweza kuweka kiraka cha manyoya ya rangi ile ile nyuma ya tundu, lakini andika katika karatasi kwamba kiraka ni kipya. Anayeuza kiraka kama kitu cha zamani ni mwongo.

MAMBO YALIYOKATAZWA

Usiifue shanta. Usiianike juani. Usiitundike juu ya meko. Usiipake rangi ya viatu. Usiipake mawese wala mafuta ya nyama ili ing'ae: mafuta huvuta mavumbi, huchacha, huita panya na vidudu, na ribiti zitazidi kuwa za kijani. Mtu hufurahi siku ile anapoona inang'aa; baada ya mwaka hulia.

KUITUNZA

Ijaze kwa kitambaa safi cha pamba ili ikae na umbo lake. Usitumie magazeti, yana asidi. Iweke penye giza, pakavu, juu ya kinara cha mbao na si chini, wala isiegemee ukuta wenye unyevu. Ifunike kwa shuka. Kila mwezi ifunue na kuiangalia.

Maneno haya yafaa kwa ngozi zenu pia: kiti cha babu, ngoma, mkoba wa mwindaji. Nendeni mkazitazame leo, kabla ya mvua kuanza. Ngozi iliyoliwa na vidudu au kusagika kuwa unga hairudi tena.